Wakili wa kesi za ploti hapa Nakuru, nampa nne kwa tano
Mwenye ploti alinipandishia kodi ya kinyozi changu huku Free Area kutoka 8,000 hadi 14,000, tena kwa simu tu, nikakataa, asubuhi napata amepiga kufuli na mashine zangu zote ziko ndani. Huyu wakili hakunizungusha na maneno ya korti, aliuliza tu risiti za M-Pesa ziko wapi, kumbe Sura ya 301, ile sheria ya wenye nyumba na wapangaji wa biashara, inasema hata kama hamkuandikiana lazima upewe notisi ya maandishi, miezi miwili, na ukikataa unaenda tribunal, ile inaamua kesi za kodi ya biashara. Oda ikatoka, kufuli ikatoka. Shida ni simu, hashiki mpaka umtumie meseji tatu hivi, na pesa ya kufungua faili aliniambia nikiwa nishalipa yake, hiyo iliniuma aki.