Uchambuzi wa Shovel Knight: Gemu Inayokupa Uhuru wa Kujiponza

Habari zenu watazamaji, na karibuni katika uchambuzi wa leo. Gemu tuliyo nayo ni Shovel Knight, kazi ya studio ya Yacht Club Games ya Marekani, iliyotoka mwezi Juni 2014 baada ya kuchangiwa fedha na wachezaji wenyewe kupitia tovuti ya michango ya Kickstarter mwaka 2013, ambako waundaji waliomba dola 75,000 wakapata zaidi ya dola 311,000. Unamwongoza askari wa deraya ambaye silaha yake ni koleo, anayemtafuta mwenzake Shield Knight huku njia ikiwa imezibwa na askari wanane wa yule mchawi aitwaye Enchantress. Nitagusa picha na muziki, lakini muda mwingi nitautumia kueleza namna gemu hii inavyoshughulikia kifo cha mchezaji, kwa sababu hapo ndipo inapoziacha nyuma gemu nyingi zinazoiga mtindo wa kale.

Ukiitazama, utadhani imechomolewa kwenye zile kaseti za Nintendo za miaka ya 1980, ila mashine ile isingeweza kuiendesha. Kioo cha Shovel Knight kina upana wa pikseli 400, ilhali mashine ya zamani ilionyesha 256 tu. Mandhari ya nyuma husogea kwa tabaka kadhaa, rangi chache zimeongezwa, na maadui wakijaa kiooni hakuna anayemetameta na kupotea kama ilivyokuwa zamani. Muziki ni wa Jake Kaufman, na vipande viwili vimetungwa na Manami Matsumae, mtunzi wa muziki wa gemu ya kwanza ya Mega Man ya mwaka 1987. Nauona huu kuwa muziki bora kabisa katika gemu za aina hii, nami huwa nauacha uendelee kupiga hata nikiwa nimesimama bila kucheza.

Tukija kwenye uchezaji wenyewe, ukiwa hewani unabonyeza chini, koleo linaelekea ardhini, na kila linapogonga adui au kitu kigumu linakurusha tena juu. Wazo hilo lilikuwamo katika gemu ya DuckTales ya kampuni ya Capcom ya mwaka 1989, ambamo mzee Scrooge aliruka kwa fimbo yake, lakini hapa limekuwa mguu wa pili wa mchezaji: unavuka mashimo kwa kudunda juu ya vichwa vya maadui, unafukua vifusi, na mara nyingi bosi mwenyewe, yaani adui mkuu wa hatua, ndiye ngazi yako. Pedi inaitika papo hapo, hivyo ukianguka unajua umekosea wapi.

Sasa tuje kwenye kifo. Gemu za zamani zilikupa maisha matatu, na yakiisha unarudishwa mwanzo. Shovel Knight haihesabu maisha hata kidogo. Ukifa, unarudi kwenye kituo cha mwisho ulichopita, lakini sehemu ya dhahabu yako inabaki pale ulipofia, ikielea katika mifuko yenye mabawa. Ukifika tena unaweza kuichukua. Ukifa kabla ya kuifikia, imepotea. Mara nyingi mifuko hiyo huelea juu ya shimo lilelile lililokumeza, na hapo tamaa inakuingiza mtegoni kwa mara ya pili.

Vituo vyenyewe ni tufe la kioo linalong'aa, na unaruhusiwa kulivunja kwa koleo ili upate vito vilivyomo ndani, kwa sharti kwamba kituo hicho hakitakufaa tena ukifa. Hebu fikirieni ujanja wa mpango huu. Gemu nyingi hukuuliza mwanzoni kama unataka ugumu mdogo au mkubwa, kabla hujajua lolote. Hii inakuuliza katikati ya hatua, ukiwa tayari unajua uwezo wako, na inakulipa kwa kujiamini. Anayeanza ataviacha vituo vyote na kumaliza kwa amani, naye mzoefu atavivunja vyote, na wote wawili wanacheza hatua ileile.

Kasoro ipo, nayo inaugusa mpango huohuo. Dhahabu ina thamani mradi kuna cha kununua, yaani deraya, nyongeza za koleo, na vifaa vya Chester, yule muuzaji anayejificha ndani ya masanduku. Ukifikia hatua za mwisho ukiwa umekwisha kununua karibu kila kitu, mifuko inayoelea haikuumizi tena, na kuvunja kituo kunabaki kuwa mbwembwe. Aidha, kifaa kiitwacho Phase Locket, kinachokufanya usidhurike kwa muda mfupi, kinapatikana mapema mno na kinakuvusha sehemu zilizostahili jasho.

Kama hamjainunua, tafuteni toleo la Treasure Trove, linalouzwa kwa dola 40 hivi bila punguzo na lenye kampeni, yaani safari kamili za kucheza, nyingine tatu. Ile ya Specter Knight, anayekimbia ukutani na kukata hewa kwa mundu, inatosha kuhalalisha bei. Mkimaliza safari ya kwanza, anzeni ile ya pili inayofunguka baada yake. Humo kila pigo la adui huumiza mara mbili na vituo vimepunguzwa, kwa hiyo fikirieni vizuri kabla ya kukipasua hata kimoja.