Kofia ya Krismasi ya vinundu: nimefuma kifurushi chote mpaka ncha

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo nimekuja na hii kofia, nyekundu, ukingo mweupe wa manyoya, na huku juu vinundu vimejipanga. Ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnaona hapa chini vinundu vilivyokaa sawa? Sasa panda nami taratibu kuelekea kwenye ncha. Hapo! Viwili vimebanana, halafu pengo, halafu viwili tena. Hilo pengo ndilo lililonifanya niwashe kamera.

Ni kifurushi cha kufumia kofia ya Krismasi kwa kroshia. Jina la waliokitengeneza silitaji. Ndani kuna mabonge mawili ya uzi mwekundu wa gramu 100 kila moja, bonge dogo jeupe la manyoya la gramu 50, sindano ya kroshia ya milimita 5, sindano butu ya kufichia ncha za uzi, na karatasi ya maelekezo. Nimefuma kofia mbili, ya kwanza kwa kufuata karatasi neno kwa neno, ya pili kwa akili yangu. Nitawaambia mapema: uzi ni mzuri, ila karatasi ilianza vizuri ikachoka njiani.

Uzi ni akriliki tupu. Najua kuna wanaokunja pua wakisikia akriliki, lakini kwa kofia inayovaliwa wiki chache kwa mwaka na kufuliwa ovyo, mimi sina ugomvi nao. Hauchanikichaniki unapofuma, na nilipofumua mara tatu, maana nimefumua jamani, haukuota vinyweleo. Nililoweka kipande chekundu pamoja na cheupe usiku kucha, asubuhi cheupe kilikuwa cheupe vile vile. Ila msiupige pasi ya moto. Akriliki ikipata joto inalegea moja kwa moja, hairudi tena, na vinundu vyote vinalala kama chapati.

Sindano nayo ni ya alumini, shingo yake nyembamba, na baada ya saa moja kidole gumba kinalalamika. Mimi nilirudi kwenye yangu yenye mpini wa mpira.

Sasa vinundu, maana ndiyo sababu ya mtu kununua kitu hiki. Tazameni mkono wangu. Nazungusha uzi kwenye sindano, naingia kwenye tundu, navuta, halafu mshono mrefu naumaliza nusu tu, kitanzi kimoja nakiacha juu ya sindano. Nafanya hivyo jumla mara 5 kwenye tundu lile lile. Sasa nina vitanzi 6. Navuta uzi nipite vyote kwa mkupuo mmoja, halafu mshono mfupi unaofuata naukaza kweli kweli. Huo mfupi ndio unaokisukuma kinundu kitoke. Ukiulegeza, kinundu kinakuwa kama mtu aliyelala usingizi.

Kuna jambo karatasi haijalisema: kinundu hutokeza upande wa nyuma ya kazi, siyo upande unaokutazama wewe. Kwenye kitambaa cha kwenda na kurudi hakuna shida, unakifuma kwenye mstari wa nyuma. Lakini kofia inafumwa kwa kuzunguka, upande mmoja unakutazama muda wote. Kwenye kofia ya kwanza nilikaa nasukuma kila kinundu kwa kidole kije nje, na nusu yake vilirudi ndani. Kofia ya pili nikaacha kusukuma. Nilifuma hivyo hivyo, nilipomaliza nikaigeuza ndani nje. Vyote vikatoka, bila kubembelezwa.

Na msije mkashangaa mistari ya vinundu ikijisokota kidogo kwenda upande. Ukifuma mzunguko juu ya mzunguko bila kugeuza, kila mshono hukaa pembeni kidogo ya ule wa chini yake. Picha kwenye kifurushi inaonyesha mistari iliyonyooka kama rula. Yako haitakuwa hivyo, na binafsi napenda zaidi huo msokoto.

Tuje kwenye kipimo, na hapa msinicheke. Karatasi inataka mishono 14 ndani ya sentimita 10. Nikajisemea, miaka yote hii nafuma, kipande cha kupimia cha nini? Nikaanza na mishono 72 kama walivyoagiza. Kwa mishono 14, 72 inakupa kama sentimita 51, inatosha kichwa cha mtu mzima cha sentimita 56 kwa sababu kofia inavutika. Mkono wangu mimi unakaza. Nilipokuja kupima nilikuwa na mishono 16 ndani ya sentimita 10, na mzingo wa sentimita 45. Kofia ya mtoto! Ya pili nikatumia sindano ya milimita 5.5 na ikakaa. Kwa hiyo kipande cha kupimia fumeni, na mkifume kikiwa na vinundu ndani yake, maana vinundu navyo vinabadilisha upana.

Jambo jingine la karatasi: haisemi imetumia majina ya mishono ya Marekani au ya Uingereza. Mshono ule mfupi ambao Wamarekani wanauita mmoja, Waingereza wanauita maradufu. Kama majina ni ya Uingereza, mtu aliyejifunzia vitabu vya Marekani atatoka na kofia ndefu iliyolegea kama soksi. Mstari mmoja tu wa maelezo ungetosha.

Haya, lile pengo. Vinundu vinakaa kila baada ya mishono 5 mifupi, yaani kinundu kimoja, mitano ya kawaida, kinundu, mitano ya kawaida. Kwa mishono 72 unapata safu 12 za vinundu. Kisha karatasi inasema upunguze mara 6 kwenye mzunguko: fuma 10, unganisha 2. Mara inayofuata fuma 9, unganisha 2. Kisha 8, kisha 7. Hesabu ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba kila fungu la mishono 12 lina vinundu viwili, na mishono yote inaliwa upande mmoja wa kinundu cha pili. Upande huu mishono 5 ipo salama, upande wa pili umebaki mmoja. Ukifika punguzo la tano, fuma 6, unganisha 2, kinundu chenyewe ndicho kinachomezwa.

Dawa yake ni kupokezana. Punguzo la kwanza liweke katikati ya pengo la kulia, la pili katikati ya pengo la kushoto, hivyo hivyo kwa zamu. Mapengo yanapungua pamoja: tano na nne, nne na nne, nne na tatu. Yakifika mishono 3 kila upande, safu moja ya vinundu iache, endelea na nyingine. Hii hapa ya pili, iangalieni ncha yake.

Nilibadilisha na kitu kingine. Karatasi inapeleka vinundu mpaka juu kabisa, na vinundu vinakaza kitambaa, kwa hiyo ncha ya kofia ya kwanza imesimama wima kama faneli. Kofia ya namna hii utamu wake ni ncha kuanguka begani. Nimeacha theluthi ya juu bila vinundu, nikapunguza kila mzunguko wa tatu tu. Imeongezeka urefu, na inaanguka vizuri.

Ukingo wa manyoya ulinitesa. Kwenye uzi wa manyoya matundu hayaonekani, unafuma kwa kupapasa, na ukikosea kufumua ni vita. Fuma polepole ukihesabu kwa sauti. Bonge la gramu 50 lilinifikisha mwisho nikiwa na kipande cha urefu wa mkono tu. Uzi mwekundu ulibaki tele, nikatengenezea pomponi.

Je, ununue? Kama umeshawahi kufuma kofia ya kawaida, ndiyo, ila ile sehemu ya juu fuata mkono wangu, siyo karatasi. Kama ndiyo mara yako ya kwanza kushika kroshia, kisubiri kwanza. Vinundu, manyoya na kupunguza ndani ya kazi moja ni mzigo.

Ile ya sentimita 45 mpwa wangu ameshaichukua. Pengo hajaliona, na anaivaa hata wakati wa kula.