Uzoefu wangu na mashine ya kunyolea ya betri katika kutunza nywele fupi

Nywele fupi hudai uangalizi wa karibu kuliko watu wengi wanavyodhani, na hesabu yake ni nyepesi. Nywele za kichwani hukua kwa wastani wa sentimita 1 hivi kwa mwezi. Kwa hiyo mwenye nywele za sentimita 30 anaweza kukaa wiki mbili bila mtu yeyote kuona tofauti, ilhali aliyenyoa na kubakiza milimita 3 atakuwa, katika muda huo huo, na nywele zilizorefuka zaidi ya maradufu. Mstari wa paji la uso hufifia, kisogo hujaa, na nywele za juu ya masikio huanza kutokeza. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya ninunue mashine yangu mwenyewe ya kunyolea, ile isiyo na waya, na kwa kuwa sasa nimeitumia vya kutosha kuijua tabia yake, naona inafaa niwaeleze wenzangu wanaopenda kichwa kilichopunguzwa vizuri.

Mashine yenyewe ina meno ya chuma cha pua, betri ya lithiamu, kiwenzo cha pembeni cha kurekebisha ukataji, na vitana vya plastiki vya kuvika juu ya meno. Kitana namba 1 huacha milimita 3, namba 2 huacha milimita 6, namba 3 milimita 10 na namba 4 milimita 13. Kilichonivutia zaidi ni kile kiwenzo, kwa sababu kati ya kunyoa bila kitana na kunyoa kwa namba 1 kuna pengo ambalo macho huliona mara moja kama mstari uliokatika, na kiwenzo ndicho kinachoziba pengo hilo: ukikisogeza kidogo kidogo huku ukipandisha mkono kutoka shingoni, rangi ya nywele hupauka taratibu kuelekea chini bila kuacha ngazi. Mashine isiyo na kiwenzo, hata iwe na nguvu kiasi gani, siwezi kumshauri mtu mwenye nywele fupi ainunue.

Ukataji wake ni safi, mradi nywele ziwe zimeoshwa na kukaushwa kabisa. Nywele zenye maji hulala na kushikamana, mashine ikazipita nyingine bila kuzigusa, na zenye mafuta na vumbi huziba meno na kuyafanya yawe butu mapema. Mimi huzichana kwanza, kisha huanza na kitana kirefu kuliko ninachokusudia, nikiisukuma mashine kinyume na nywele zinakoelekea. Utosini hapo pana kazi yake ya pekee, kwani nywele huota kwa kuzunguka, na mkono unaokwenda upande mmoja tu huacha vishungi vifupi vilivyosimama ambavyo huonekana tu mwanga unapopiga kwa pembeni. Hapo napitisha mashine kutoka pande zote, polepole, na kuhakiki kwa kiganja kabla ya kuhakiki kwa kioo, maana kiganja hukamata kasoro ambayo jicho limeikosa. Kwa kisogo, vioo viwili ni lazima.

Faida niliyoithamini kupita zote imehusu ngozi. Nywele zangu ni za kipilipili, na nywele za aina hii zikikatwa kwa wembe wa mkono hadi usawa wa ngozi au chini yake kidogo, ncha kali iliyobaki hujikunja inapoanza kukua na kujichoma tena kwenye ngozi, na matokeo yake ni vipele vinavyowasha shingoni na nyuma ya kichwa. Mashine haikati chini ya ngozi. Huacha kisiki kifupi sana, ambacho kwa mbali huonekana kama ngozi tupu, lakini kinatosha kuizuia ncha isijifukie. Tangu nilipoacha kuikandamiza mistari ya shingoni kwa wembe, eneo lile limetulia, na weusi uliokuwa umeachwa na vipele unaendelea kufifia.

Kuwa na mashine ya peke yangu kumeniondolea pia wasiwasi wa mapunye. Huu ni ugonjwa wa fangasi, na vifaa vya kunyolea vinavyopita kichwa hadi kichwa bila kusafishwa ni mojawapo ya njia zinazoueneza. Hata hivyo, usafi haukomi kwa kutoshirikiana. Kila ninapomaliza napiga meno brashi kuondoa vipande vya nywele, napaka spiriti ya asilimia 70, naiacha ikauke yenyewe, kisha natia matone machache ya mafuta mepesi ya mashine pembeni na katikati ya meno na kuiwasha kwa sekunde kadhaa ili yasambae. Mafuta haya si pambo: meno ya juu hutembea juu ya yale ya chini kwa kasi kubwa, na yakikauka hupata joto, huvuta nywele badala ya kuzikata, na sauti hubadilika ikawa ya kukwaruza. Mafuta ya kupikia hayafai kabisa, kwani huganda.

Kasoro zipo. Vitana virefu vimefungwa kwa ndoana ya plastiki inayolegea, na kitana kikichomoka katikati ya kunyoa hakuna tena cha kurekebisha isipokuwa kupunguza nywele za kichwa kizima zilingane; ningefurahi zaidi kama mtengenezaji angeweka kibanio cha chuma. Taa ya betri huonyesha kuwa inachaji, lakini haionyeshi kiasi kilichobaki. Tena, meno hupata joto ukinyoa kwa muda mrefu bila kupumzika, jambo linalosumbua zaidi nyuma ya masikio ambako ngozi ni nyororo.

Kati ya kunyoa na kunyoa matunzo yangu ni mepesi: shampuu laini, maji ya uvuguvugu, mafuta kidogo yanayosuguliwa hadi ngozini, na kofia jua linapokuwa kali, kwa sababu nywele za milimita 3 haziikingi ngozi ya kichwa ipasavyo.

Ningeinunua tena, ingawa kwa mitindo yenye michoro bado namwachia kinyozi. Kabla ya kulipia, uliza kama meno ya akiba yanapatikana, kwa maana mashine nzima huishia kutupwa kwa kukosa kipande hicho kidogo. Meno ya mashine yangu hufungwa kwa skrubu mbili, na unapoyarudisha hakikisha ncha za meno yanayotembea zimekaa nyuma kidogo ya ncha za meno yasiyotembea. Zikilingana au zikitangulia, mashine itakata ngozi.