TAHADHARI: Glezi na rangi za tanuri zinazouzwa kwenye mifuko isiyo na lebo

Ndugu wafinyanzi wa Mwanza na wote mnaopaka rangi vyombo vya udongo, kuna muuzaji anayepita kwenye makundi ya simu akidai kuwa na glezi (unga unaoyeyuka tanurini na kuwa ngozi ya kioo juu ya chombo) na rangi za kupaka chini ya glezi. Anataka fedha zote kabla, kisha mzigo anautuma kwa basi. Namba zake hazikai, hivyo mtambueni kwa mali yake: unga uliopimwa kwenye mifuko ya nailoni, mdomo umezibwa kwa moto wa mshumaa, na juu yake pameandikwa kwa kalamu tu "Bluu", "Nyekundu" au "Glezi safi 6".

Nilinunua kilo 4 kwa shilingi 180,000 kwa ajili ya vikombe 36 vya mgahawa mmoja wa Capri Point. Kabla ya kulipa nilimweleza kwamba tanuri langu nalichomea kwenye koni 06 (koni ni kipimo cha moto wa tanuri), yaani karibu nyuzi joto 1,000, ilhali koni 6 inazidi nyuzi 1,200. Akajibu, "Ni ile ile bosi, hiyo sifuri haina kazi." Hapo ndipo nilipopaswa kuacha, kwa maana glezi ya 06 ikipelekwa kwenye moto wa 6 humwagika na kugandisha chombo kwenye rafu ya tanuri, na ya 6 ikichomwa kwa 06 hubaki kama chokaa.

Nilipofungua tanuri, maua ya bluu yalikuwa yametoweka kabisa, nayo nyekundu niliyoipaka nje bila glezi ilikuwa ikitoka kwenye kidole kama vumbi la sakafu. Kwa maoni yangu ndivyo ilivyokuwa: ile oksidi ya chuma ya sakafu za saruji. Rangi za kweli za tanuri hutokana na madini ambayo moto hauyaunguzi, kama kobalti kwa bluu na kromu kwa kijani. Rangi ya nguo au ya chakula huteketea mapema sana. Paka kidogo juu ya kigae, ukifukie kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu: bluu ikipotea, umeuziwa rangi ya kuungua. (Jaribio hili halitaikamata ile nyekundu, kwa kuwa oksidi ya chuma haiungui.)

Kinachonitisha zaidi ni ile glezi. Imeandikwa 6, lakini kwenye nyuzi 1,000 ilikuwa imeyeyuka na kung'aa kama kioo. Boroni huweza kuyeyusha glezi kwa moto mdogo namna hiyo, na madini ya risasi pia, ambayo ni sumu na huharibu ubongo wa watoto. Nililaza kipande cha limau ndani ya kikombe kimoja usiku kucha. Asubuhi palikuwa na duara lililofifia. Hilo halithibitishi risasi, bali linaonyesha kwamba glezi inaachia kitu kwenye asidi, na hata glezi inayoshinda limau haijathibitika kuwa salama mpaka ipimwe maabara. Muuzaji nilimuuliza imetengenezwa kwa nini, akanifungia simu.

Vikombe vyote nimevizuia, na mifuko ninayo karakana kwangu Igoma. Mwenye mfuko uliozibwa kwa mshumaa asipake unga wake kwenye chombo cha chakula wala cha chai. Aje nao kwanza tuulinganishe na yangu.