Iringa Boma: nilimpeleka bibi bomani

Nimezaliwa Iringa na nimepita nje ya jengo la Boma hapo katikati ya mji tangu niko shule ya msingi, ila kuingia ndani sijawahi mpaka juzi nilipoenda na bibi yangu. Aisee bibi alisimama mlangoni kabisa. Kwa wazee wa huku ukisikia fulani kaitwa bomani ujue ana kesi au anadaiwa kodi, hakuna aliyekuwa anaenda bomani kutembea tu, basi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Tunaenda kumwona nani?" Nikamwambia hatumwoni mtu bibi, tunaona nyumba.

Na kweli nyumba yenyewe ndo ya kuangalia. Wajerumani waliijenga 1900, mwanzo ilikuwa hospitali ya jeshi, baadae ikawa ofisi ya utawala, Waingereza wakairithi, uhuru ukaja ikaendelea kuwa ofisi za serikali miaka na miaka, mpaka mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa ukaikarabati kwa hela za Umoja wa Ulaya na 2016 ikafunguliwa kama makumbusho. Kuta ni nene, weka mkono ukutani usikie ubaridi wake, halafu fikiria waliokalia vile vyumba wakiamua mambo ya watu wa Uhehe wote.

Ikulu ya Magogoni kule Dar nayo Wajerumani walianza, meli za Waingereza zikaipiga mizinga 1914, na 1922 haohao Waingereza wakaijenga upya, lakini mimi na wewe tunaiona kwa mbali tukielekea feri au kwenye taarifa ya habari. Hapa unaingia mpaka chumbani na hakuna anayekuuliza una shida gani. Mimi hilo limenigusa sana jamani.

Sehemu ya Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, nilikaa muda mrefu. Jina Iringa lenyewe limetoka kwenye lilinga, yaani ngome kwa Kihehe, na ngome yenyewe ilikuwa kule Kalenga, Wajerumani wakaibomoa 1894 kulipiza kisasi cha Lugalo ambako 1891 Mkwawa aliwapiga vibaya na kamanda wao Zelewski akafia pale, ndipo wakaja kuanzisha mji wao huku juu mlimani na jina wakalibeba. Kwa hiyo unasoma habari za aliyebomolewa ukiwa ndani ya nyumba ya waliombomolea. Sijui makumbusho mengine ambako ukuta unakusimulia hivyo.

Vitu vya Isimila tulipita haraka, kama unapenda zana za mawe nenda Isimila kwenyewe si mbali. Bibi alinasa kwenye vikapu. Akaanza kumweleza dada anayetembeza wageni jinsi milulu, yale majani ya kusukia, inavyokatwa na kuanikwa, yule dada akaacha kuelezea akawa msikilizaji, na wageni wengine wawili wakasogea, basi bibi ndo akawa mwenyeji wa bomani.

Ushauri wangu nendeni asubuhi, mkae masaa mawili hivi msikimbie, na mkiweza mpeleke mzee mmoja wa nyumbani. Nyota zote tano natoa. Wakati tunatoka bibi alimpungia mkono yule dada, "Haya kwaheri mwanangu," halafu kwenye bajaji akaniuliza Kalenga tunaenda lini.