Tela la fifthwili la mtumba kama makazi ya kudumu: tathmini ya aliyelikalia

Tela ninalolitathmini hapa ni fifthwili, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na pikapu, la mwaka 2016, lenye urefu wa futi 38, ekseli mbili na slaidi nne (sehemu za vyumba zinazosukumwa nje kuongeza nafasi tela likisimama), ambalo mimi na mume wangu tulilinunua kwa mtu binafsi huko Texas ili liwe makazi yetu ya mwaka mzima. Mimi ni muuguzi wa mikataba. Mikataba hiyo hapa Marekani kwa kawaida huwa ya wiki 13, na kila mmoja unapokwisha mtu huanza tena kusaka nyumba yenye samani katika mji asioujua, kwa kodi inayomeza sehemu kubwa ya posho yake. Mume wangu ni dereva wa malori, kwa hiyo habari za kingpini, ile pini nene ya chuma iliyo chini ya shingo ya tela, na sahani ya kuifungia hazikumtisha. Tofauti ni kwamba kwenye fifthwili sahani hufungwa ndani ya bodi la pikapu, juu ya ekseli ya nyuma, na shingo ya tela huja kulalia hapo. Ndiyo sababu tela la aina hii hutulia barabarani kuliko lile linalofungwa nyuma ya bampa.

Jina la kiwanda silitaji, na sidhani kama lingemsaidia msomaji sana. Sehemu kubwa ya matela haya huundwa katika eneo moja, Elkhart na wilaya zinazouzunguka mji huo jimboni Indiana, na viwanda vingi hununua fremu, ekseli, mitambo ya slaidi na madirisha kwa wasambazaji walewale. Jambo zito zaidi ni matumizi yaliyokusudiwa: mengi hubuniwa kwa ajili ya familia itakayotoka nalo wikiendi na likizo chache, na masharti ya waranti za viwanda vingi hutamka wazi kwamba waranti haimhusu mtu anayeishi humo moja kwa moja. Waranti yenyewe mara nyingi haihamii kwa mnunuzi wa pili, kwa hiyo anayenunua mtumba hana cha kupoteza kwa upande huo, lakini anapaswa kulisoma sharti hilo kama ungamo la mtengenezaji. Kila kilichotuvutia tulikipima kwa kigezo cha mkaaji, si cha mtalii.

Tulianza na uzito, kabla hata ya kuingia ndani. Kibandiko kilichokuwa karibu na mlango kilionyesha kwamba tela lisizidi paundi 16,000, yaani takriban kilo 7,250, likiwa limepakiwa kila kitu, na kwamba mzigo wetu usizidi paundi 2,700. Kwa mtu wa likizo nafasi hiyo inatosha na kubaki. Kwa mkaaji ni lazima ahesabu: tangi la maji safi la lita 227 likijaa linakula peke yake paundi 500, na bado hujaweka vyombo, nguo za majira yote manne, vitabu, zana, mashine ya kufulia na ule mfuko wa unga ambao hatukubali kusafiri bila wenyewe. Tulikuwa tumeona jingine zuri zaidi, lenye mahali pa moto pa umeme na sofa za ngozi, ambalo kibandiko chake kiliruhusu mzigo wa paundi 1,400 tu. Urembo ulikuwa umeshakula nafasi ya mwenye nyumba. Tuliliacha siku hiyohiyo.

Hesabu hiyo haiishii kwenye tela. Shingo ya fifthwili huwekea pikapu kati ya asilimia 20 na 25 ya uzito wote, kwa hiyo tela la paundi 16,000 linaweza kukandamiza zaidi ya paundi 3,500 ndani ya bodi, na bado hujaongeza sahani yenyewe na watu waliomo garini. Wauzaji hupenda kutangaza uwezo wa pikapu wa kuvuta, ambao ni namba kubwa na ya kupendeza, ilhali kinachoishiwa mapema ni uwezo wa kubeba, ulioandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Pikapu tuliyokuwa nayo haikufaa. Tuliiuza tukachukua yenye magurudumu manne nyuma, na gharama hiyo naihesabu kuwa sehemu ya bei ya tela, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Baada ya uzito ni maji yanayovuja kuingia ndani, na hapa ndipo mnunuzi wa mtumba anapookoka au kuangamia. Rafiki wa mume wangu, mzee wa Mombasa aliyewahi kuishi kwenye tela miaka kadhaa, alinikuta nafungua makabati ya jiko akaniambia, “Shemeji, achana na jiko kwanza. Panda ukaone paa.” Paa la letu ni la mpira uliogandishwa juu ya mbao, na kila palipo na tundu, iwe kiyoyozi, bomba la kupumulia la choo au dirisha la juu, pamezibwa kwa gundi maalumu ambayo hupasuka kwa jua na kuhitaji kukaguliwa mara kadhaa kwa mwaka. Gundi ya kuzunguka dirisha la bafuni ilikuwa imefanya nyufa nyembamba kama za udongo wa kiangazi. Tulishuka tukaingia bafuni, tukafungua kabati lililo chini ya dirisha lile, nikaingiza kichwa na kunusa: pakavu, hapana ukungu. Mkaguzi tuliyemwajiri, mwenye cheti cha chama cha kitaifa cha wakaguzi wa magari ya makazi, alipitisha kipima unyevu kwenye kuta, kisha akakanyaga sakafu kwa kisigino katika pembe za kila slaidi. Mahali pamoja, nyuma ya meza ya chakula, plaiwudi ilibonyea kidogo. Muuzaji alikuwa mkweli. Alionyesha risiti ya matengenezo na akapunguza bei. Kwa nje tulitazama kuta kwa upande, jua likiwa chini, kwa sababu ukuta wa faibaglasi ulioingiwa na maji huachana tabaka zake na kuvimba, na uvimbe huo hauonekani ukisimama mbele yake. Kama kuna uvimbe, ondoka. Matengenezo yake hula pesa kuliko thamani ya kitu.

Namshauri kila mtu alipie ukaguzi huo, hata kama muuzaji ni muumini wa kanisa lake au jirani yake wa msikitini.

Tairi zilikuwa na kashata nzuri, lakini namba ya DOT iliyochapwa ubavuni mwa tairi ilimalizikia na 3416, maana yake ziliundwa wiki ya 34 ya mwaka 2016. Tairi za tela huzeeka kwa kukaa kuliko kwa kukimbia, na zilizopita miaka sita hivi hupasuka zikiwa bado zinaonekana mpya, hivyo tulibadilisha zote kabla ya safari ya kwanza. Namba ya utambulisho ya tela, yenye tarakimu na herufi 17, tuliichunguza kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kuona kama kuna agizo la kiwanda la marekebisho ambalo halijatekelezwa.

Kwa upande wa umeme, usikubali tela la kukalia lenye chini ya ampea 50. La ampea 30 hupokea wati 3,600 tu, wakati la ampea 50 lina njia mbili za volti 120 na hufikia wati 12,000. Mwezi wa Agosti huko Texas tofauti hiyo si ya vitabuni: viyoyozi viwili vinafanya kazi pamoja na bado naweza kupika. Mwenye tela wa kwanza alikuwa ameondoa friji ya gesi na kuweka ya kawaida ya nyumbani, jambo ambalo wapenda kambi za porini hulichukia na ambalo mimi nililifurahia, kwa kuwa kituo chetu huwa na umeme na samaki wa wiki nzima anaenea. Baridi ndiyo inayolishinda tela letu. Limeandikwa kuwa la majira yote, na kweli hewa ya moto hupulizwa hadi chini ya sakafu yalipo matangi, ila madirisha ni ya kioo kimoja, na usiku wa barafu silinda ya gesi huisha kabla hujajipanga. Anayetarajia mikataba ya Minnesota atafute yenye vioo viwili.

Slaidi nne zinaleta nafasi ya kweli. Chumba cha kulala kina mlango, na hilo kwa mtu anayelala mchana baada ya zamu ya usiku lina thamani kuliko televisheni zote tatu zilizokuwamo. Hata hivyo sauti hupenya kila mahali, droo ni za mbao dhaifu na tumeshabadilisha reli zake, na bafu linamtaka mtu mrefu ainame.

Yapo pia ya karatasi. Texas hudai leseni ya daraja A, isiyo ya biashara, pikapu na tela vikizidi kwa pamoja paundi 26,000 na tela peke yake likizidi 10,000. Mume wangu anayo ya kibiashara, mimi bado, kwa hiyo siku za kuhama humngoja yeye. Viwanja vingi vinavyopangisha nafasi za kuegesha matela hukataa tela lenye umri wa miaka zaidi ya 10, au hudai picha kwanza, na mnunuzi wa mtumba aulize hilo mahali anapokusudia kukaa kabla ya kulipa. Bima ya kawaida ya likizo haimfuniki mkaaji wa kudumu, hivyo iombwe ile ya makazi, inayofunika vitu vya ndani na mgeni akiteleza ngazini, na wakala athibitishe kwa maandishi kwamba anajua mnaishi humo.