Tangazo Linaingiaje Katikati ya Video? Nimezipima Njia Mbili

Haya, karibuni tena. Leo sipimi simu wala spika. Napima kitu tunachokutana nacho sote kila tukifungua video: tangazo. Pale katikati limeingiaje?

Kwanza mjue kwamba video ya mtandaoni kwa kawaida haiji kama faili moja ndefu. Imekatwakatwa. Kwenye HLS, mfumo ulioletwa na Apple mwaka 2009, wao wenyewe wanapendekeza vipande vya sekunde 6. Pleya yako, yaani programu inayokuchezea video, inapewa orodha ya vipande hivyo, inaisoma, inavuta kipande kimoja baada ya kingine. Ishikeni hiyo orodha, nitairudia.

Njia ya kwanza, pleya yenyewe ndiyo inayoleta tangazo. Ikifika palipowekwa alama, inasimamisha video na kubisha hodi kwenye seva ya matangazo. Inajibiwa kwa utaratibu unaoitwa VAST: tangazo liko wapi, ukibonyeza upelekwe wapi, taarifa kwamba umelitazama zitumwe wapi. Hapo ndipo mnapoona skrini nyeusi na kile kiduara kinachozunguka. Na kwa kuwa ombi linakwenda kwenye anwani nyingine, programu ya kuzuia matangazo inalikamata kirahisi.

Njia ya pili ni kushona kwenye seva, na hii ndiyo iliyonivutia. Vipande vya tangazo vinapachikwa ndani ya orodha ile ile kabla haijakufikia. Panawekwa mstari mmoja tu wa kuiambia pleya: hapa mtiririko unabadilika, jipange. Basi! Pleya inaendelea kuvuta vipande kama kawaida. Mnaweza kukaa watu wawili mkitazama mechi moja mubashara, kila mmoja kwenye simu yake, na kila mmoja akaletewa orodha yake yenye matangazo yake. Kwenye mechi kama hiyo, nafasi ya tangazo huonyeshwa na alama za SCTE-35 zilizomo ndani ya mtiririko wenyewe.

Mimi naipa alama ya juu njia hii ya pili, ila kwa sharti. Tangazo lazima liandaliwe kwa viwango vyote vya ubora ambavyo video inavyo. Likiandaliwa kwa kiwango kimoja, mwenye intaneti dhaifu ataganda hapo hapo. Sauti nayo! Tangazo lisiposawazishwa na video, linakupigia kelele masikioni, na hilo silisamehe, hasa kwa mtu aliyevaa hedifoni usiku.

Mkitaka kujaribu wenyewe, tazameni ile sekunde tangazo linapoingia. Picha ikikatika, kiduara kikazunguka, huenda pleya imekwenda kulitafuta. Likiteleza tu kama sehemu ya video, yaelekea limeshonwa.